Mzazi Aliyefiwa Asiulizwe Yuko Upande wa Bunduki Gani

Mzazi wa Lamu, Pwani ya Kenya, ambaye mwanawe ameuawa kwa risasi hawezi kusema neno hadharani kuhusu bunduki kabla hajapimwa yuko upande gani. Akisema mwanawe aliuawa na watu waliotoka msituni, ataambiwa aviachie vyombo vya usalama vifanye kazi yao, operesheni inaendelea. Akisema aliyefyatua alivaa sare ya serikali, sauti zitashuka pale barazani, na magharibi haitaingia kabla hajatokea mtu wa kumvuta kando na kumwambia kwamba maneno yake yanawapa nguvu magaidi. Kwa hiyo wengi hunyamaza. Huzika, husoma khitma, hupokea mkono wa pole kutoka kwa jirani na kwa mheshimiwa, kisha hurudi ndani.

Nadai kwamba mzazi huyu ana haki ya kuipinga risasi yenyewe, awe aliifyatua nani, na asitakiwe kuthibitisha uzalendo wake kabla ya kuulizia damu ya mwanawe. Nadai pia kwamba kampeni ya wazazi wa Lamu haiwezi kunakiliwa kutoka Marekani wala Uingereza. Itaanzia chini zaidi, kwenye jambo ambalo wazazi wa huko walilikuta limeshafanywa: kila kifo cha risasi kichunguzwe, na matokeo yasomwe mbele ya watu.

Historia kwanza, maana bila yake hofu ya wazazi hawa haieleweki. Usiku wa 15 Juni 2014, watu wa Mpeketoni wakiwa mbele ya televisheni wakitazama Kombe la Dunia, washambuliaji wenye bunduki waliingia mjini, wakachoma majengo na magari, wakawatenga wanaume na kuwaua. Usiku wa pili wakaua tena katika vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 60. Al-Shabaab walisema ni wao. Serikali nayo ikanyooshea kidole siasa za wenyeji, na mpaka leo ukikaa na wazee wa pande mbili utasikia hadithi mbili. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, IPOA, ilipochunguza namna polisi walivyoitikia usiku ule, ilikuta walichelewa na hawakuwa na uratibu. Mwezi uliofuata zamu ikawa ya mji wetu mwingine, Hindi. Ikaja kafyu. Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni, ya kuwasaka wapiganaji katika msitu wa Boni, na shule za wadi ya Basuba, kwa Waboni, zikakaa muda mrefu zimefungwa. Januari 2020 basi likavamiwa Nyongoro, na siku chache baadaye ikawa kambi ya jeshi ya Manda. Januari 2022 ikawa kijiji cha Widho. Juni 2023 ikawa vijiji vya Juhudi na Salama.

Hiyo ni hesabu ya bunduki za msituni. Ipo hesabu ya pili, ambayo haisomwi kwenye mikutano ya hadhara: ya vijana waliochukuliwa na watu wenye silaha wasionekane tena, na ya waliouawa katika misako. MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki yenye makao Mombasa, wamekuwa wakiorodhesha visa vya aina hii Pwani nzima kwa miaka. Na ipo ya tatu, ambayo sisi watu wa visiwani huisahau: ya askari waliovamiwa kwenye barabara zetu na kando ya msitu wa Boni. Nao walizaliwa na mtu. Jeneza la askari wa miaka ishirini na kitu linapoondoka Lamu kwa ndege, linakwenda kwa mama fulani huko bara ambaye pengine hajawahi kuiona bahari, na ambaye hakuna atakayemweleza kwa nini gari la mwanawe lilipitishwa njia ile siku ile.

Misiba hii mitatu haijawahi kukaa mkeka mmoja. Mpeketoni ni mji uliokua na skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta miaka ya 1970. Wengi wa wakazi wake ni Wakikuyu na Wakristo, na ardhi ni donda kati yao na waliotangulia hapa. Visiwani ni Waamu na Wabajuni, Waislamu. Mpeketoni ilipolia, kuna waliosema huku kwetu kwamba hayo ni mambo ya mashamba. Vijana wa Kiislamu walipokamatwa, kuna waliosema kule kwamba afadhali. Nimezisikia kauli zote mbili, na zote zilitoka kwa watu wazima wenye watoto. Maadamu kila upande unalilia wafu wake peke yake, hakuna kiongozi anayelazimika kuujibu upande wowote. Anakwenda Mpeketoni na rambirambi za Mpeketoni, anakuja Lamu na rambirambi za Lamu, na bahasha.

Wazazi wa nchi nyingine waliwezaje? Tarehe 13 Machi 1996 mtu mwenye bastola aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mick North alimpoteza Sophie, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa na miaka mitano. Hakuwa mwanasiasa. Yeye na wengine waliofiwa walisimama na kusema hadharani wanachotaka, na ombi la umma lililoanzishwa na wenyeji wa eneo lile likatiwa sahihi na takriban watu 700,000. Kufikia mwisho wa 1997 Uingereza ilikuwa imepiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Mwezi mmoja na nusu baada ya Dunblane, 28 Aprili 1996, watu 35 waliuawa Port Arthur, Australia. Walter Mikac alizika mke na mabinti wawili, Alannah na Madeline. Akamwandikia Waziri Mkuu John Howard asirudi nyuma, na serikali ile ikanunua bunduki zaidi ya 600,000 kutoka kwa wananchi na kuziharibu.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Lucy McBath alikuwa mhudumu wa ndege. Novemba 2012 mwanawe Jordan Davis, kijana wa miaka 17, alipigwa risasi kwenye kituo cha mafuta mjini Jacksonville, Florida, kwa ugomvi wa muziki uliofunguliwa kwa sauti kubwa. Mama huyo akaacha kazi, akazunguka nchi nzima akihubiri dhidi ya bunduki, na 2018 akachaguliwa kuingia bungeni Washington. Chicago, Januari 2013, msichana wa miaka 15 aitwaye Hadiya Pendleton aliuawa akiwa na wenzake bustanini. Marafiki zake wakachagua kuvaa rangi ya machungwa, kwa sababu ndiyo wawindaji wa Marekani huvaa msituni ili wasipigane risasi wao kwa wao. Hata hivyo, baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa shuleni Sandy Hook Desemba 2012, wazazi walikwenda Washington na picha za watoto wao, na Aprili iliyofuata Seneti ikashindwa kupitisha hata sheria ya kuwakagua zaidi wanunuzi wa bunduki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kura zilipigwa na watu wengine.

Ninachokiona katika visa vyote hivi hakisemwi sana, kwa kuwa wenyewe wanakiona cha kawaida. Baada ya Dunblane, Jaji Cullen aliongoza uchunguzi wa hadhara na ripoti yake ikatoka mwaka ule ule. Ikaeleza bastola zilikuwa za nani, leseni ilitolewaje, na polisi walikuwa na sababu gani za kumtilia shaka mtu yule zamani. Mick North hakuhitaji kumthibitishia mtu yeyote kwamba Sophie alikufa kwa risasi. Hakuzunguka ofisi akitafuta karatasi ya kusema hivyo. Mama yake Jordan alijua aliyemuua mwanawe ni nani, akamwona kizimbani, akasikia hukumu. Kampeni zao zilisimama juu ya ukweli ambao serikali zao zilikuwa zimeshauweka mezani. Mzazi wa Lamu hana hata hiyo meza.

Baba mmoja niliyekaa naye Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, alinitolea bahasha ya kaki iliyokunjika hadi ikalainika kama kitambaa. Alizipanga karatasi moja moja juu ya baraza, akiweka kidole juu ya kila moja upepo usiichukue. Kibali cha maziko. Karatasi ya hospitali yenye mwandiko usiosomeka, isipokuwa neno jeraha. Kipande cha kalenda chenye namba ya OB, daftari la matukio la polisi, iliyoandikwa kwa penseli, aliyopewa kituoni na askari ambaye hakumtajia jina. Picha ndogo ya pasipoti ya mwanawe, ile ya fomu za shule. Barua yake mwenyewe, nakala ya tatu, yenye muhuri wa kupokewa na ofisi ambayo haikujibu. Katika karatasi zote zile hakuna hata moja iliyotaja risasi. Mtoto alizikwa na tundu kifuani, maiti ikaoshwa na watu wazima ambao wote waliliona tundu lile, na kwa upande wa serikali kijana yule amekufa tu. Mzee alizikusanya tena kwa mpangilio ule ule, akaniuliza kama nadhani zinatosha kwa wakili. Sikuwa na jibu la kumpa moyo.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa. Sisi huzika haraka, na ni wajibu wetu. Aliyekufa asubuhi hulala kaburini alasiri. Anayetokea Faza au Kizingitini, au aliyefia upande wa Kiunga, jamaa wana bahari ya kuvuka kabla ya kufika hospitali kubwa ya Lamu, na ukiwaambia wangoje daktari aje kupasua maiti wataona unawaongezea msiba juu ya msiba. Nawaelewa. Lakini risasi inayobaki mwilini ndiyo shahidi wa kwanza. Mtutu wa bunduki huacha mikwaruzo yake kwenye risasi, na wataalamu wa silaha huweza kuilinganisha risasi na bunduki iliyoitoa. Tukiizika risasi pamoja na mtoto, tumemzika na shahidi. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu upasuaji wa maiti pale haki inapouhitaji, kwa heshima na bila kupita haja. Na katika fiqhi damu ya aliyeuawa ina mwenyewe, naye ni walii wake, yaani jamaa yake wa karibu. Kusamehe ni kwake, na kudai ni kwake. Huwezi kusamehe kitu ambacho hujaambiwa ni nini wala amekifanya nani. Ningependa kuyasikia haya kwenye hotuba za Ijumaa Mkomani na Langoni, yakisemwa na masheikh wenyewe, kwa sababu familia iliyo kwenye kilio haitayapokea kutoka kwa mwanaharakati aliyekuja na feri ya mchana. Saa chache za kungoja leo ni nyepesi kuliko kulifukua kaburi baada ya miaka miwili kwa amri ya mahakama.

Upande wa pili wa ushahidi huo uko kituoni. Kila kituo cha polisi kina ghala la silaha na daftari lake. Askari akichukua bunduki hutia sahihi: namba ya bunduki, idadi ya risasi. Akirudisha, zinahesabiwa. Aliyeondoka na 30 akarudi na 27 ana risasi tatu za kueleza, na maelezo yake hayawezi kuwa siri ya mkuu wa kituo. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba silaha za serikali ziwekewe alama na kumbukumbu. Kwa hiyo bunduki ya serikali si kitu kisichojulikana kilikotoka. Ikiwa iliua kijana gizani, jina la aliyeibeba limeandikwa mahali.

Ndiyo maana naona kaulimbiu za Marekani hazitufai. Kule wazazi wanapigana na sheria inayompa raia haki ya kumiliki bunduki. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, haimpi mtu haki hiyo. Raia akitaka bunduki lazima apate cheti, na kinaweza kufutwa. Bunduki zinazowaua watu wa Lamu ama zimevuka mpaka wa Somalia, ama zimetoka kwenye ghala la serikali. Za mpakani zinahitaji doria, ujasusi, na wananchi wanaoamini kwamba wakitoa habari hawatageuzwa washukiwa. Za serikali zinahitaji daftari lifunguliwe. Na imani ya wananchi ya kutoa habari za bunduki za kwanza inategemea sana namna wanavyotendewa kuhusu hizi za pili. Mzee ambaye mjukuu wake alichukuliwa usiku na hakujibiwa kitu hatakimbia kwenda kituoni akiona nyayo ngeni shambani kwake. Hilo wakuu wa usalama wanalijua kuliko mimi.

Wapo watakaosema vita na magaidi si mahali pa kuhesabiana risasi, na kwamba askari wa Boni akianza kuogopa mahakama ataogopa kufyatua. Hoja hii ina watu wazito nyuma yake, na nimeona majeraha ya askari yanayowafanya waiamini. Lakini sheria iliyopo inayapa maisha ya askari nafasi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaruhusu bunduki itumike kuokoa maisha, pamoja na maisha ya askari mwenyewe. Linachotaka ni kwamba ikitumika na mtu akafa au akaumia vibaya, tukio liripotiwe kwa IPOA lichunguzwe, na jamaa za mtu huyo waarifiwe. Askari aliyefyatua kwa haki analindwa na uchunguzi; asiyelindwa nao ni yule mwingine. Na mama wa askari aliyevamiwa njiani ana haja ya uchunguzi ule ule. Nani aliamuru safari? Taarifa za hatari zilikuwepo? Gari lilikuwa la aina gani? Haya hayajibiwi na bendera juu ya jeneza.

Bara wazazi wameshaanza. Tarehe 30 Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi. Familia yake, Waislamu kama sisi, ilimzika upesi kama dini inavyotaka. Baba yake, Hussein Moyo, hakuishia makaburini. Alizungumza na kila aliyemwekea kipaza sauti, na Juni ya mwaka ule ule askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Miaka ikapita baada ya hapo kesi ikienda na kurudi, na hilo nalo ni somo chungu, lakini kuna namba ya kesi, kuna mshtakiwa, kuna kumbukumbu. Rex Kanyike Masai alipigwa risasi Nairobi tarehe 20 Juni 2024 katika maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha. Mama yake, Gillian Munyao, amekaa mahakamani Milimani wakati hakimu akichunguza kifo cha mwanawe. Kukaa pale, mbele ya watu, kusikiliza risasi iliyomuua mwanao ikielezwa, ni kazi ambayo hakuna mzazi aliyeiomba.

Anayenigusa kuliko wote ni marehemu Benna Buluma, aliyejulikana kama Mama Victor. Agosti 2017, katika vurugu za uchaguzi, wanawe wawili, Victor na Bernard, waliuawa siku moja huko Mathare. Alikuwa mama wa kawaida wa mtaa wa mabanda. Akawa kiongozi wa mtandao wa kina mama na manusura wa mauaji ya polisi, kina mama wa makabila tofauti, ambao kazi yao kubwa haionekani kwenye televisheni: husindikizana. Mmoja akiwa na tarehe ya kortini, wengine huacha vibarua vyao wakaenda kukaa naye kwenye benchi. Kesi ikiahirishwa, hurudi naye. Mama Victor alifariki Aprili 2024, mafuriko yalipoikumba Mathare. Mtandao haukufa naye.

Lamu ina ugumu wake juu ya huo. Mathare shahidi anaweza kuhama mtaa. Kisiwani shahidi atakwenda wapi? Barabara ya pwani ni moja, gati ni moja, na uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, kila mtu hupita. Aliyeona kitu usiku atakutana na aliyemwona akiona, asubuhi, kwenye foleni ya mashua ya Mokowe. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na kwa miaka watu wetu wameifuata Garsen au Malindi, kwa barabara ambayo mabasi yake yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Nauli, chakula, kulala, kisha karani anasema imeahirishwa hadi mwezi wa tisa. Ofisi ya IPOA ya Pwani iko Mombasa. Mzazi maskini akiacha kufuatilia baada ya safari kadhaa, tusiseme ameridhika. Amekwisha fedha.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, Namba 18. Ilikusudia kuwe na ofisi huru ambayo kazi yake ni kuchunguza vifo vya ghafla na vya kutumia nguvu, ili polisi wasiwe ndio wanaokichunguza kifo kilichosababishwa na wenzao. Ilipofika 2024, vijana wakianguka mitaani, familia zilikuwa bado zinaidai itekelezwe. Kama kuna sheria moja ambayo wazazi wa Lamu wangeishikilia wote, basi ni hii, kwa sababu haimuulizi mtu aliuawa na nani. Inamchukua aliyeuawa na Al-Shabaab Juhudi, aliyeuawa na polisi kwenye msako, na askari aliyevamiwa Boni, wote watatu kama watu waliokufa vifo vinavyotaka maelezo. Kabla ofisi hiyo haijaanza, hakimu ana uwezo tayari chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kufanya uchunguzi wa kifo, na sheria hiyo inamtaja hata aliyetoweka na kuaminika kuwa amekufa. Wazazi ambao watoto wao hawana kaburi wana mlango wa kuubisha.

Fidia nisiipite. Agosti 2025 Rais William Ruto alitangaza jopo la kushughulikia fidia ya waathiriwa wa maandamano tangu 2017, na jambo hilo likafika mahakamani. Simnyimi mzazi shilingi yake. Wapo waliouza ng'ombe na vyombo kugharamia matibabu na kesi. Ila mpango uliochorwa kwa mipaka ya maandamano unawaacha wafu wetu nje karibu wote. Watu wa Mpeketoni hawakuwa wanaandamana. Kijana aliyechukuliwa usiku nyumbani kwao hakubeba bango. Na pesa inayotangulia ukweli huleta ugomvi ndani ya familia, kati ya mjane na wakwe, kati ya baba na ndugu, huku aliyefyatua akipandishwa cheo kituo kingine.

Wapi pa kuanzia? Tarehe 15 Juni ya kila mwaka ni tarehe ya Mpeketoni. Natamani wazazi wa Lamu, Pate na Hindi waliofiwa kwa risasi za upande wowote waende kukaa na wenzao siku hiyo, wasiende na hotuba wala wanasiasa, waende na majina ya watoto wao. Na siku mzazi wa kisiwani atakapokuwa na tarehe mbele ya hakimu, wale wa Mpeketoni waje wakae naye. Mahakama yenye benchi tatu zilizojaa wazazi huahirisha kesi kwa shida zaidi, na afisa aliyeitwa kutoa ushahidi hupata ugumu wa kutofika. Mawakili wa kujitolea wapo Mombasa na Malindi. Wanachokosa mara nyingi ni familia zilizoshikana na karatasi zilizokamilika.

Basi karatasi zianze siku ile ile ya kifo. Mzee wa mtaa, chifu, na imamu au mchungaji wajue kwamba kifo cha risasi kina orodha yake: namba ya OB yenye jina la aliyeiandika, picha za majeraha kabla ya kuosha, upasuaji wa maiti na jina la daktari, barua kwa IPOA kama bunduki ilikuwa ya serikali, nakala zihifadhiwe nyumba mbili tofauti. Kazi ya saa chache, na haimzuii mtu kulia.

Watakaokuja kuomba kura za Lamu mwaka 2027, kuanzia ugavana, useneta hadi viti vya bunge vya Lamu Mashariki na Magharibi, waulizwe katika mkutano wao wa kwanza, Mpeketoni na Mkunguni kwa maneno yale yale: ofisi ya mchunguzi wa vifo itafunguliwa lini Lamu, bajeti yake iko wapi, na je, watasimama kudai daftari la silaha lifunguliwe mbele ya hakimu kila risasi ya serikali inapoua? Anayejibu vingine Mpeketoni na vingine kisiwani, wazazi wa pande zote mbili wawe wamekaa karibu kiasi cha kumsikia.